HAKI YA NAFSI YA MWENYE KUWASHAURI WATU

Ama baada ya: fahamu, ewe msomaji, kuwa kuwasikiliza wenye dhiki ni kazi tukufu, lakini ina mzigo wake. Mjini Moshi, chini ya mlima Kilimanjaro, kazi hii ilijulikana sana kwa ajili ya maradhi ya Ukimwi. Na mwaka 1990 wanawake wa huko waliunda chama cha KIWAKKUKI ili kupambana na maradhi hayo.

Mwanafunzi wa ushauri akaaye mtaa wa Soweto aweza kusikia misiba ya watu watano kabla ya adhuhuri, akarejea kwake jioni nayo ingali kifuani. Asipofundishwa kuutua mzigo huo, moyo wake hufa ganzi asimhurumie mtu, ama hasira humtoka juu ya mkewe na wanawe wasio na kosa.

Wako wasemao kwamba kujitunza ni uvivu. Sivyo. Abu Dardaa alikuwa akifunga mchana na kusimama usiku hata akamsahau mkewe. Salman alipomzuru alimlazimisha ale na alale, akamkumbusha kuwa Mola, nafsi na ahali kila mmoja ana haki yake, na Mtume (s.a.w.) akamsadikisha Salman.

Basi mwalimu na awafunze wanafunzi wake mambo matatu.

Kwanza, kuhudhurisha moyo. Akiondoka mgonjwa, kabla hajaingia mwingine, mwanafunzi akae kimya, azifuate pumzi zake kumi, aangalie palipokazana mwilini: shingo, taya au mabega. Fikira ikipotea, airejeze taratibu bila ya kujilaumu.

Pili, kujihesabu jioni mbele ya mshauri aliyemtangulia: lipi limemgusa, na lipi amelichukua lisilo lake. Wala asitaje jina la mtu, kwani siri ni amana. Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, aliweka katika Ihya kitabu kizima juu ya muraqaba na muhasaba. Ingawa makusudio yake yalikuwa makubwa kuliko raha ya mwili.

Tatu, kujua mpaka. Awe na saa ya kula na ya kulala. Na usingizi ukimkimbia siku nyingi, asione haya kwenda hospitali.

Wala mwalimu asiyafundishe haya kwa ulimi tu. Mwanafunzi akimwona mwalimu wake hapumziki, atafuata aliloliona, si aliloambiwa. Na kisima kisichoachwa kujaa hukauka, akakosa maji yule mwenye kiu aliyekitegemea.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.