NAMNA YA KUONDOA MADOA KATIKA KURASA ZA VITABU VYA ZAMANI



Kitabu cha biblioteki si cha mtu mmoja. Kinapita katika mikono ya wengi, mwaka kwa mwaka, na kikiharibika si rahisi kupata kingine cha namna ile. Ndiyo sababu wengine wakiona doa katika ukurasa wanakimbilia maji, sabuni, ndimu ao Javel, wakifikiri wanafanya vema. Lakini mara nyingi lile doa lilikuwa linaacha maneno yasomeke, na ile dawa ndiyo inatoboa karatasi. Somo letu la leo ni hili: tujue doa mbele ya kuligusa, na tujue madoa gani tuyaache.

1. KARATASI NI KITU GANI?

Karatasi ni nyuzi ndogo ndogo za mimea zilizoshikamana. Nyuzi hizo zinaitwa selulozi. Zamani, huko Ulaya, watu walifanya karatasi kwa vitambaa vikuukuu vya kitani na vya pamba. Karatasi ya namna hiyo ikitunzwa vizuri inaweza kukaa miaka 400 na kupita, bado nguvu. Toka miaka ya 1840 walianza kutumia miti iliyosagwa. Ndani ya mti mna kitu kingine, lignini, nacho kikipata mwanga na hewa kinageuka manjano. Tena walitia shabu ili wino isisambae, na ile shabu inazaa asidi inayokata nyuzi.

Basi usishangae kuona kitabu cha 1950 kinavunjika kama jani kavu, na kitabu cha 1650 kingali kizima. Manjano ya karatasi nzima si doa. Usitafute kuiondoa.

2. MBELE YA KUANZA

Nawa mikono na uikaushe kabisa. Safisha meza. Tayarisha brosi laini, kama ile ya kupakia rangi, gome nyeupe, na karatasi nyeupe isiyoandikwa. Usitumie gazeti, kwani wino yake itahamia kitabuni. Kila mara jaribu kwanza pembeni, pahali pasipo maneno. Karatasi ikianza kutoa manyoya, acha mara moja.

3. MADOA TUNAYOWEZA KUONDOA

a) Vumbi na alama za vidole. Pangusa kwa brosi, toka katikati ya kitabu kwenda nje. Kisha pitisha gome pole pole, upande mmoja tu. Ukienda na kurudi, ukurasa utakunjika na kupasuka. Ondoa makombo yote ya gome. Watu wa zamani walitumia chembe za mkate kwa kazi hii. Sisi tusifanye hivyo, maana zinazobaki zinaita mende.

b) Matope. Usiyafute yakiwa mabichi, yataingia ndani ya nyuzi. Acha yakauke, kisha uyakwangue kidogo kidogo na kupangusa kwa brosi.

c) Nta ya buji. Hii tunaijua sote tunaosoma usiku. Acha nta igande, uiinue kwa kisu kisicho na makali. Kisha tia ukurasa kati ya karatasi nyeupe mbili ao makaratasi ya choo yasiyo na rangi, na upitishe pasi ya uvuguvugu. Nta itayeyuka na kunywewa na yale makaratasi. Badilisha makaratasi mpaka yasitoe alama tena. Kama ni pasi ya makaa, angalia sana isimwage majivu wala cheche. Usifanye hivyo juu ya picha ya karatasi inayong'aa.

d) Mafuta mapya ya mawese ao ya karanga. Usisugue. Gandamiza kwa karatasi safi, kisha nyunyiza unga wa chaki nyeupe ao poda ya talki juu na chini ya ukurasa. Funika kwa karatasi, weka uzito, ulaze usiku kucha. Asubuhi pangusa. Kama doa lingaliko, rudilia tena. Mafuta yaliyokaa miaka hayatatoka yote.

e) Kuvu. Kuvu inaota hewa ikiwa na majimaji mengi, zaidi pahali pasipopita upepo. Tenga kitabu hicho mbali na vingine, kikauke kabisa kivulini penye upepo. Ikiisha kuwa unga mkavu, toka nje ya nyumba, funga kitambaa puani na mdomoni, na upanguse kwa brosi. Mwenye pumu asifanye kazi hii. Ukiifuta ikingali na maji, unaipaka ukurasa mzima.

4. MADOA YA KUACHA

Vitone vya rangi ya kahawia kama madoadoa ya ndizi mbivu vinatokana na kuvu, na pengine na vipande vidogo sana vya chuma vilivyokuwa ndani ya karatasi, vikipata majimaji. Gome haiviondoi. Vile vile mstari wa kahawia unaoachwa na maji, wino ya kalamu, na biki. Ukitia alkoli juu ya biki, doa dogo linakuwa kubwa.

Na Javel je? Kweli inafanya doa kuwa jeupe. Lakini inakata selulozi yenyewe, na ikibaki ndani inaendelea na kazi yake. Baadaye pale palipokuwa na doa karatasi inageuka manjano, inavunjika, na maneno yanaanguka nayo. Ndimu inaacha asidi. Jua kali linalegeza nyuzi. Kazi ya kuosha kurasa inafanywa na mafundi waliojifunza, wakiwa na dawa zao na maji yaliyopimwa.

5. KITABU KIKILOWA

Tarehe 4 novemba 1966, mto Arno ulifurika katika mji wa Florence, inchi ya Italia. Matope yaliingia katika biblioteki kubwa ya taifa na kuharibu vitabu na maandishi zaidi ya milioni moja. Vijana wengi, hata wanafunzi wa inchi za kigeni, walisimama katika mistari wakivitoa kwa mikono. Kazi ya kuvitengeneza iliendelea miaka na miaka, na mafundi wa dunia nzima walijifunza mengi pale.

Kwetu, wakati wa mvua, paa likivuja, fanya hivi: usingoje, sababu kuvu inaweza kuanza baada ya siku mbili. Simamisha kitabu kikiwa wazi kama feni, kivulini, penye upepo. Tia karatasi safi kila baada ya kurasa kumi hivi, na uzibadilishe zikilowa. Usikiweke karibu na moto wala juani. Kurasa zinazong'aa zitenganishe zikingali mbichi, la sivyo zitashikamana kama ubao.

Basi, kitabu chenye doa kingali kinafundisha. Ukikuta doa usilolijua, funga kitabu na ukipeleke kwa mwangalizi wa biblioteki.

MAULIZO

1. Sababu gani kitabu cha 1650 kinaweza kuwa na nguvu kuliko kitabu cha 1950?
2. Eleza namna ya kuondoa nta ya buji.
3. Mwenzako anataka kutia Javel juu ya doa la wino. Utamwambia nini?