Kinundu cha Kidole Gumba cha Mguu: Tuanzie na Kiatu Kabla ya Kisu

Mwezi huu tunazungumzia tatizo ambalo wengi wanalo, ila ni wachache wanaolileta hospitali. Ni kile kinundu kinachotokeza ubavuni mwa mguu, pale kidole gumba kinapoungana na wayo. Hapa Katoro wanacho akina mama wa sokoni, walimu, wachimbaji na hata makatekista wanaotembea kutoka kigango hadi kigango. Wengi huvumilia kwa miaka. Wanapokuja, huuliza maswali mawili: "Je, mtanikata?" na "Je, kuna dawa ya kupaka ili kiyeyuke?" Kwa wengi wao jibu la yote mawili ni hapana. Hata hivyo, maumivu yanaweza kupungua sana, na kazi kubwa ya matibabu hufanyika nyumbani.

KINUNDU HIKI NI NINI?

Si jipu, wala si nyama iliyoota. Ni mfupa ule ule tuliozaliwa nao, uliotoka kwenye mstari wake. Mfupa mrefu wa wayo unaoshika kidole gumba husogea kuelekea upande wa mguu mwingine, na kidole chenyewe huinama kuelekea vidole vidogo. Pale vinapokutana hutokeza pembe, kama kiwiko cha mkono uliokunjwa. Kiatu kinaposugua pembe hiyo, ngozi huota sugu, sehemu ya chini yake huvimba na mgonjwa husikia maumivu.

Tukielewa hivyo, tutaelewa pia kwa nini hakuna mafuta, majani wala sindano ya kukiyeyusha. Mfupa uliopinda hauyeyuki. Tunachoweza kufanya ni kuuondolea msuguano na mgandamizo.

KINASABABISHWA NA NINI?

Kwanza ni urithi. Wengine huzaliwa na umbo la mguu au kano zilizolegea, hivyo mara nyingi utakuta bibi, mama na binti wote wanacho. Pili ni viatu vyembamba mbele, vilivyochongoka, na vile vya mchuchumio, ambavyo husukuma uzito wote wa mwili kwenye vidole. Tatu ni magonjwa ya viungo kama baridi yabisi. Wanawake hupata zaidi kuliko wanaume.

Mwaka 1958 madaktari wa Hong Kong walitoa matokeo ya uchunguzi wa miguu ya watu wa taifa moja. Kati ya waliozoea viatu, 33 katika kila 100 walikuwa na kidole kilichopinda hivi. Kati ya waliotembea peku hawakufika hata 2 katika kila 100. Hatusemi watu waache viatu! Mguu mtupu hukaribisha minyoo ya safura, pepopunda, miiba na mawe makali ya machimboni. Tunasema kiatu kifuate mguu, mguu usilazimishwe kufuata kiatu.

Wapo wanaosema mgonjwa amekanyaga dawa aliyotegewa njiani. Maneno hayo huleta uhasama kati ya majirani bure. Tutazame kwanza kiatu, kisha tuwatazame wazazi na ndugu wa mgonjwa miguuni.

MATIBABU YA NYUMBANI

1. Pima mguu kwa boksi. Fanya hivi jioni, maana miguu huvimba kidogo baada ya kazi za mchana. Simama juu ya kipande cha boksi, na mtu mwingine achore kuzunguka mguu kwa kalamu iliyosimama wima. Fanya kwa miguu yote miwili, kwa sababu mara nyingi mmoja ni mkubwa kuliko mwenzake. Kata alama hizo uende nazo sokoni. Weka kiatu juu ya boksi. Boksi likitokeza pembeni, kiatu hicho si chako, hata kama ni cha bei nafuu na kinang'aa.

2. Chagua kiatu chenye nafasi. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi kama sentimita 1. Vidole viweze kuchezacheza ndani. Kisigino kisizidi upana wa vidole viwili vya mkono. Kiatu chenye kamba au mkanda ni bora, maana kinashika mguu bila kubana vidole. Kwa kazi za nyumbani, katambuga pana hufaa, mradi mkanda wake usipite juu ya kinundu.

3. Mpelekee fundi viatu kile ulichonacho. Kiatu cha ngozi kinaweza kutanuliwa kwa kalibu. Kama hakitanuki, fundi anaweza kukata tundu mahali pa kinundu na kushonea kipande cha ngozi laini. Gharama yake ni ndogo kuliko kununua dawa kila mwezi.

4. Wachimbaji, msivue mabuti ya mpira mnapokuwa duarani au kwenye karasha. Chukueni namba inayotosha upana wa mguu, mvae na soksi. Kila mnapopumzika, yavueni mkung'ute kokoto na kukausha miguu.

5. Tengeneza kizuizi cha sponji. Kata duara la sponji lenye unene wa nusu sentimita, utoboe katikati, mfano wa ngata ya kubebea ndoo. Kinundu kikae ndani ya tundu, ili mgandamizo ubebwe na sponji pembeni. Ukifunga, usikaze. Kumbuka kwamba sponji ndani ya kiatu kinachobana huongeza maumivu. Kwanza kiatu, halafu sponji.

6. Pumzisha na poza. Siku kinapovimba, weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kwa dakika 15, mara mbili au tatu kwa siku, na kuinua mguu.

7. Zoeza vidole. Kila jioni tanua vidole kama unavyotanua vya mkono, kisha jaribu kuokota kitambaa sakafuni kwa vidole hivyo. Shika kidole gumba ukinyooshe polepole bila kuumia. Mazoezi hayanyooshi mfupa, ila hukifanya kiungo kisikakamae.

8. Dawa ya maumivu. Mtu mzima anaweza kumeza parasetamo ya miligramu 500, vidonge 2 mara 3 kwa siku kwa siku chache. Mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza. Diklofenaki na ibuprofeni zinazonunuliwa ovyo dukani si za kila mtu. Mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, presha au pumu asizitumie kabla ya kuuliza.

Siku hizi vinatangazwa kwenye simu vifaa vya plastiki vya "kunyoosha kidole usiku". Vinaweza kupunguza maumivu kwa baadhi ya watu vikiwa vimevaliwa, lakini havirudishi mfupa mahali pake. Usiuze mbuzi kwa ajili hiyo.

MAMBO YA KUEPUKA KABISA

Usikate sugu kwa wembe. Usichanje chale, usichome kwa moto, wala usipake maji ya betri au dawa kali. Haya ni hatari kwa kila mtu, na zaidi kwa mwenye kisukari au aliyepoteza hisia miguuni kwa sababu ya ukoma. Yeye hasikii maumivu, kwa hiyo kidonda kidogo huoza akiwa bado anatembea nacho, na mwisho wake unaweza kuwa kukatwa mguu. Mgonjwa wa namna hii aangalie miguu yake kila siku na asijitibu mwenyewe.

NENDA HOSPITALI MAPEMA KAMA:

– kuna kidonda, usaha au homa;
– una kisukari, ukoma au ganzi miguuni;
– kiungo kimevimba ghafla, kina joto na maumivu makali, hasa yaliyoanza usiku, maana huenda ni jongo au uambukizo;
– mguu uliumia kabla ya kuvimba;
– ni mtoto anayeanza kupinda kidole.

JE, NI LINI TUFIKIRIE UPASUAJI?

Upasuaji haufanywi kwa ajili ya urembo. Unafikiriwa pale ambapo mgonjwa amevaa viatu vipana kwa miezi kadhaa na bado maumivu yanamzuia kazi, au kidole gumba kimepanda au kuingia chini ya mwenzake. Hapo atapewa barua ya kwenda hospitali ya rufaa, kama Bugando kule Mwanza. Ajue kwamba kupona huchukua wiki nyingi na hata miezi. Mama anayetegemea jembe apange na familia nani atalima. Na akirudia viatu vya kubana, kinundu kinaweza kurudi.

WAZAZI, TUANGALIE WATOTO

Mifupa ya mtoto ingali inakua. Kiatu cha shule alichoachiwa na kaka yake kinaweza kuwa kimekwisha kumbana bila yeye kusema, kwa kuogopa kuambiwa hakuna fedha. Kila mwanzo wa muhula, mpimeni kwa boksi lile lile. Katika familia ambayo bibi na mama wana kinundu, binti apimwe kwanza.

Bwana wetu aliinama akawaosha mitume wake miguu. Nasi tusione aibu kuinama na kuangalia miguu ya wazee na watoto wetu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Kwa nini dawa ya kupaka haiwezi kuondoa kinundu?
2. Katika jumuiya yetu ni nani ana kisukari au ganzi miguuni, na nani anamsaidia kuangalia miguu yake?
3. Leo jioni tupime miguu ya watoto wetu kwa boksi. Ni viatu vingapi vinabana?