Petroli ya Akiba Safarini

1. Njia ya Masasi na Newala

Mji wa Masasi uko kusini mwa Tanzania, katika nchi ya tambarare yenye milima ya mawe iliyosimama peke yake. Msafiri atokaye Masasi kwenda Newala huelekea upande wa mashariki, kisha hupanda ukingo wa Uwanda wa Juu wa Makonde. Newala iko zaidi ya mita 600 juu ya bahari, na kusini yake nchi huteremka kwa ghafula hata bonde la mto Ruvuma, ulio mpaka wa Tanzania na Msumbiji.

Udongo wa uwanda huo una mchanga mwingi. Mvua inyeshapo, maji hupenya chini upesi, kwa hiyo chemchemi ni adimu. Tangu zamani wanawake wa huko waliteremka mabondeni kuteka maji, wakayapandisha juu kwa vichwa vyao. Basi watu wa Newala hawana haja ya kufundishwa maana ya kuweka akiba ya kitu kisichopatikana njiani.

Siku hizi pikipiki ni nyingi katika nchi hiyo. Huchukua abiria, na magunia ya korosho, na wagonjwa waendao hospitali. Nayo pikipiki ina kiu yake, na kinywaji chake ni petroli. Mwendeshaji akiishiwa na petroli usiku, naye amempakia mama mwenye uchungu wa kuzaa, shida hiyo si ndogo. Lakini petroli ya akiba iliyochukuliwa vibaya yaweza kuleta msiba mkubwa kuliko safari iliyokatika. Kwa hiyo yampasa msafiri kujua mambo mawili: ni kiasi gani achukue, na achukue kwa namna gani.

2. Hesabu huja kwanza

Watu wengi hufunga dumu nyuma ya pikipiki bila ya kufanya hesabu. Mwenye akili huanza kwa kuipima pikipiki yake. Hujaza tangi mpaka alama fulani, huenda safari ya kilometa 120, kisha hujaza tena mpaka alama ile ile. Kama zimeingia lita 3, amejua ya kuwa pikipiki yake huenda kilometa 40 kwa lita moja.

Lakini kipimo hicho ni cha njia njema. Penye mlima, penye mchanga, au mzigo ukiwa mzito, petroli hutumika zaidi. Basi mtu mwangalifu hupunguza, akahesabu kilometa 30 tu kwa lita.

Barabara itokayo Masasi kupita Newala na Tandahimba hata Mtwara ina urefu wa kilometa 210. Gawanya 210 kwa 30, jibu ni 7. Tangi la lita 10, likijazwa Masasi, litamfikisha msafiri Mtwara, na lita 3 zitabaki. Tena mjini Newala petroli huuzwa. Kwa njia hiyo, basi, hahitaji dumu lo lote.

Sasa afikiriwe msafiri mwingine, apitaye vijijini kwa kilometa 330, mahali ambapo hana hakika ya kupata petroli. Gawanya 330 kwa 30, jibu ni 11. Tangi lake lapungukiwa na lita 1. Akiongeza lita 2 kwa ajili ya kupotea njia au mvua, atahitaji lita 3. Dumu dogo la lita 5 lamtosha kabisa. Hana sababu ya kubeba lita 20, kwa maana kila lita iliyo nje ya tangi ni hatari iliyoongezwa.

Tena pikipiki nyingi zina akiba ndani ya tangi lenyewe. Koki ya petroli ikigeuzwa upande wa akiba, hutoa kiasi kidogo kilichobaki chini. Hiyo ndiyo akiba ya kwanza, wala haina gharama. Lakini mtu aiachaye koki upande huo siku zote hana akiba tena, naye hatajua mpaka injini izimike.

3. Kitu kiwakacho

Watu husema ya kuwa petroli huwaka. Neno hili lina kasoro kidogo, kwani maji ya petroli yenyewe siyo yawakayo, ila mvuke wake. Petroli hutoa mvuke wakati wote, hata katika baridi kali kuliko barafu. Mafuta ya taa hayafanyi hivyo mpaka yapate joto. Ndiyo sababu mtu aliyezoea mafuta ya taa hudanganyika, akadhani petroli ni ndugu yake.

Mvuke huo hauonekani kwa macho. Tena ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, kwa hiyo haupandi juu kama moshi. Hutambaa chini, hujaa mashimoni, hupita chini ya mlango, hata ukutane na jiko lenye makaa au kibatari kilicho mbali. Hapo moto hurudi kwa njia ile ile uliyopita mvuke, mpaka kwenye dumu. Sehemu 2 tu za mvuke katika sehemu 100 za hewa zatosha kuwaka. Kwa hiyo dumu lililobakiwa na petroli kidogo haliwi salama. Lina mvuke na hewa ndani yake, na kwa cheche moja hupasuka.

Tarehe 10 Agosti 2019, gari la kuchukua mafuta lilipinduka Msamvu, katika mji wa Morogoro. Watu wengi walikimbilia hapo na madumu ili wajipatie petroli iliyomwagika, na miongoni mwao walikuwamo waendesha bodaboda. Moto ukalipuka ghafula, wakafa watu wapatao 100. Mvuke ulikuwa umekwisha kuwazunguka kabla hawajaona mwali wo wote.

4. Vyombo vya zamani na vya sasa

Zamani petroli na mafuta ya taa yaliletwa Afrika ya Mashariki katika madebe ya bati, mawili mawili katika sanduku la mbao. Kila debe lilichukua galani 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo. Mafuta yakiisha, debe lilitumika kwa kutekea maji na kupimia nafaka, na hata leo watu husema debe la mahindi au debe la mpunga. Lakini bati lake lilikuwa jembamba, likavuja upesi. Katika vita kuu ya pili Waingereza walipoteza petroli nyingi sana katika jangwa la Afrika ya Kaskazini kwa sababu ya vyombo kama hivyo. Wajerumani walikuwa na dumu la chuma la lita 20, lenye mikono mitatu, na mbavu zilizopigwa ubavuni ili liwe na nguvu, na kifuniko cha kubana. Waingereza waliyateka madumu hayo, wakaona ubora wake, wakaiga.

Hata leo fundisho ni lile lile. Chombo kifaacho ni dumu la chuma, au la plastiki ngumu lililotengenezwa kwa ajili ya petroli, lenye kifuniko kisichovuja. Chupa ya maji au ya soda haifai. Plastiki yake ni nyembamba, kifuniko chake hulegea, na juu ya hayo mtoto mwenye kiu huiona chupa ya soda akadhani ni kinywaji.

5. Namna ya kuichukua

Dumu lisijazwe mpaka mdomoni. Petroli hupanuka ipatapo joto. Lita 20 zikiongezewa joto la digrii 20, huongezeka kwa karibu lita 0.4, yaani kadiri ya vikombe viwili vya chai. Kama hapana nafasi, itasukuma kifuniko na kuvuja. Basi, katika sehemu 20 za dumu, zijazwe 19 tu.

Wakati wa kujaza, dumu liwekwe chini ardhini, wala si juu ya kiti cha pikipiki. Msuguano wa petroli ipitayo katika mpira huzaa umeme mdogo, na umeme huo ukikusanyika hutoa cheche. Dumu likigusa ardhi, hupotea ardhini.

Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo. Lita 20, pamoja na dumu la chuma, huzidi kilo 15. Mzigo huo ukifungwa juu, pikipiki huyumba katika mchanga. Basi dumu lifungwe chini kadiri iwezekanavyo, kwa kamba imara, limesimama, mbali na bomba la moshi. Lisining'inizwe kwenye usukani, wala lisivaliwe mgongoni, wala abiria asilipakate. Wala lisiingizwe ndani ya basi, wala lisilazwe katika nyumba wanamolala watu.

6. Kumimina njiani

Mwendeshaji huzima injini, hushusha abiria, hungoja chuma kipoe. Huchagua mahali penye upepo, mbali na moto na sigara, kisha humimina kwa faneli polepole. Wako wanyonyao petroli kwa mpira kwa vinywa vyao. Jambo hilo ni baya sana, kwani tone likishuka mapafuni huleta ugonjwa mkubwa. Mtu aliyekunywa petroli asitapishwe, maana itapita kooni mara ya pili. Apelekwe hospitali mara moja.

7. Moto ukitokea

Petroli ni nyepesi kuliko maji. Mtu amwagaye maji juu yake huisambaza, na moto huelea juu ya maji na kwenda mbali. Moto mdogo huzimwa kwa mchanga, na katika Uwanda wa Makonde mchanga haukosekani. Nguo zikishika moto, mtu asikimbie. Alale chini ajiviringishe. Kisha penye jeraha pamiminiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, bila ya kupaka mafuta wala dawa ya meno.

Wahenga walisema, Akiba haiozi. Lakini petroli iliyokaa miezi mingi huharibika, na hatari yake haipungui. Basi akiba ya petroli ni ile iliyohesabiwa, ikachukuliwa katika chombo chake, ikatumika safarini. Na safari ikiisha, dumu lisibaki nyumbani na petroli.

Maswali

1. Kwa nini chemchemi ni adimu katika Uwanda wa Makonde?
2. Pikipiki huenda kilometa 30 kwa lita moja. Safari ni ya kilometa 270, na tangi lina lita 7. Msafiri amepungukiwa na lita ngapi?
3. Eleza kwa nini dumu lenye petroli kidogo lina hatari.
4. Kwa nini dumu huwekwa ardhini wakati wa kujazwa?
5. Taja sababu mbili za kutotumia chupa ya soda.
6. Moto wa petroli huzimwa kwa nini, na kwa sababu gani hauzimwi kwa maji?