Somo la Kikundi: Tusiogope Kuuliza

Leo tuzungumzie jambo linaloturudisha nyuma katika mafunzo: hofu ya kuuliza. Mwalimu akisema, "Mmeelewa?", sote twaitikia, "Ndiyo!" Tukitoka nje ndipo tunaulizana, "Hivi alisema nini pale?"

Tujifunze kutoka hapa kwetu Kwale. Mwaka 1983 mradi wa pampu za mkono ulianza huku pwani ya kusini. Baadaye shirika la KWAHO liliingia kuzungumza na wanavijiji. Akina mama wakaingia katika kamati za maji, na wengine wakafundishwa kutengeneza pampu. Wengi wao hawakuwa wamezoea kusema mbele ya wanaume barazani.

Pampu ya Afridev ilijaribiwa hapa Kwale, na kule Malawi pia. Iliundwa ili mwanakijiji aifungue mwenyewe kwa spana moja, atoe vyuma vya ndani bila kung'oa mabomba, abadilishe mpira uliochakaa. Kazi si ngumu, lakini ina mpangilio wake. Ukiona haya kuuliza, "Mpira huu waelekea juu au chini?", basi siku pampu ikigoma mwalimu hayuko. Watu watarudi kuchota kisima cha wazi, na watoto wataanza kuhara.

Tufanyeje?

1. Kabla ya somo tukubaliane: hakuna kuchekana. Mwenyekiti asimamie hilo.

2. Mwalimu asitosheke na "Ndiyo". Aseme, "Njooni wawili wawili mfungue, tuone."

3. Katikati ya somo, kila mtu azungumze na jirani yake. Kisha mmoja aulize kwa niaba ya wote wawili. Hapo hakuna wa kuonekana mjinga peke yake.

4. Anayeona Kiswahili kizito aulize kwa Kidigo au Kiduruma. Mwenzake atafasiri.

5. Hujui uanzeje? Sema hivi: "Mwalimu, nimekufuata mpaka hapa. Hapo pengine rudia tafadhali."

Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Maswali ya kujadiliana

- Ni swali gani umebaki nalo tangu mafunzo yaliyopita?
- Nani hukaa kimya katika kikundi chetu? Je, ni sisi tuliomnyamazisha?

Kazi ya nyumbani: mkutano ujao, kila mtu aje na swali moja. Mwalimu asianze somo jipya kabla hayajasikizwa yote.