Huzuni Isiyoisha na Sukari katika Damu



Wengi wenu mmezoea kusikia kisukari kikitajwa pamoja na unene na soda. Mara hii tukitazame pamoja na jirani yake asiyetajwa sana: sonona, yaani huzuni nzito inayomkaa mtu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, ikamwondolea hamu ya kazi, ya chakula na hata ya kuongea na wenzake.

Magonjwa haya mawili huitana. Daktari Mwingereza wa karne ya 17, Thomas Willis, aliandika kwamba kisukari huletwa na huzuni ya muda mrefu. Kisukari kina sababu nyingi kuliko hiyo, lakini mzee huyo hakuwa mbali na ukweli. Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kuwa sonona huwapata wenye kisukari karibu mara mbili kuliko wasio nacho. Na mwenye sonona naye yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari baadaye.

Je, huzuni huingiaje katika damu? Juu ya kila figo kuna tezi ndogo itoayo homoni iitwayo kortisoli. Wakati wa hatari homoni hiyo huliamuru ini kumwaga sukari katika damu, ili misuli ipate nguvu ya kukimbia. Ukikutana na nyoka, unakimbia, na mambo yameisha. Lakini kwa wagonjwa wengi wa sonona homoni hiyo hukaa juu siku nyingi, wala hakuna mbio zozote. Insulini inayotoka kwenye kongosho hushindwa kufanya kazi yake vizuri, sukari hubaki katika damu, na mafuta hujikusanya tumboni. Ndiyo maana katika damu yao mara nyingi huonekana mafuta ya trigliseridi yaliyozidi, na upungufu wa ile lehemu nzuri inayolinda mishipa. Ongeza hapo kukosa usingizi, kukaa ndani kutwa, na pombe ya kusahau shida.

Upande wa pili yuko mgonjwa wa kisukari aliyechoka moyo. Kliniki tunawaona: daftari linaandikwa 14, 16, 15, mwezi baada ya mwezi. Nyumbani wanamgombeza kuwa ni mlafi. Ukikaa naye taratibu unaambiwa kwamba tangu mumewe afariki hapiki tena. Anashinda na chai ya sukari na andazi, na vidonge humeza akikumbuka. Mama kama huyo hata akiongezewa dozi haitoshi, na kumgombeza kunamzidishia ugonjwa.

Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha sonona. Hujulikana kwa kuuliza na kusikiliza: je, katika wiki mbili zilizopita umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Je, umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda? Akijibu ndiyo, aje hospitali. Hapo damu itapimwa, kwani upungufu wa damu na ulegevu wa tezi ya shingo huweza kufanana na sonona. Sukari nayo ipimwe asubuhi kabla ya kula: ikiwa 7.0 au zaidi, na kipimo cha pili kikathibitisha, ni kisukari.

Matibabu yapo: mazungumzo na mshauri, kutembea kwa miguu kila siku, na dawa kwa wanaozihitaji. Baadhi ya dawa hizo, kama amitriptilini, huongeza uzito, kwa hiyo mgonjwa apimwe uzito na sukari mara kwa mara, wala asiache dawa bila kuongea na daktari. Wako wanaosema sonona ni upungufu wa imani. Hatujasikia mtu akisema hivyo juu ya malaria. Mgonjwa asali, apokee sakramenti, na vidonge vyake ameze.

Wanajumuiya mnaomtembelea, msiende na mahubiri. Nendeni na mboga, mpike naye, mle naye, kisha mtoke naye kutembea kidogo. Mkimsikia akisema amechoka kuishi, au mkigundua ameacha insulini kwa makusudi, msimwache peke yake hata saa moja. Mleteni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.