Ufahamu: Nani Aanze Kupiga Penalti?

Soma kifungu kifuatacho mara mbili kabla ya kugusa maswali. Watahiniwa wengi husoma mara moja, tena kwa haraka, kisha hujibu kwa kubahatisha.

Mchezo wa mtoano ukiisha kwa sare, timu huingia kwenye mikwaju ya penalti. Mwamuzi hurusha sarafu mara mbili: kwanza kuamua goli litakalotumika, kisha mshindi wa mara ya pili huchagua kuanza au kusubiri. Baada ya hapo timu hupokezana, A kisha B, hadi kila moja ipige mitano. Kwa macho, ni sawa kwa sawa.

Lakini mtazame mpigaji wa B. Kila A akifunga, yeye husogea kwenye nukta akiwa na deni la kulipa. Akikosa mkwaju wa tano huku timu yake ikiwa nyuma, mchezo umekwisha palepale. Mpigaji wa A akikosa wa tano huku matokeo yakiwa sare, bado kipa wake anaweza kumwokoa. Mzigo huu haupokezanwi. B huubeba mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2010, Jose Apesteguia na Ignacio Palacios-Huerta walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa timu iliyoanza ilishinda karibu mara 60 katika kila 100. Miaka miwili baadaye watafiti wengine walikusanya michezo mingi zaidi wakapata kama 53 tu, tofauti inayoweza kuletwa na bahati. Ubishi ungalipo.

Dawa iliyopendekezwa ni kupiga kwa mpangilio wa A, B, B, A, na kuendelea hivyo. Wacheza tenisi huanzisha mipira kwa zamu za namna hiyo katika taibreki. Mwaka 2017 soka nayo ilijaribu. Agosti mwaka huo Arsenal iliishinda Chelsea kwa mikwaju 4-1 katika Ngao ya Jamii. Mwaka 2018 IFAB, bodi inayotunga sheria za soka, iliuweka mpango kando kwa kukosa waungaji mkono wa kutosha, na kwa kuwa ulionekana mgumu kufuatwa. Mgumu? Mtu anayefuata kete za bao hawezi kushindwa na herufi nne.

Hata hivyo, fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2015 iliamuliwa kwa mikwaju 22. Ghana ndiyo iliyoanza, na Ivory Coast ikashinda 9-8.

Maswali

1. Mwandishi ana maana gani anaposema mpigaji wa B ana "deni la kulipa"?
2. Je, fainali ya 2015 inakanusha utafiti wa 2010? Toa sababu.
3. Fupisha aya ya pili ya kifungu kwa maneno yasiyozidi 40.

Dokezo: Swali la 2 ndilo linalowapotezea wengi alama. "Ndiyo, kwa sababu Ghana ilifungwa" si jibu. Utafiti unasema karibu mara 60 katika 100. Hesabu mwenyewe zimebaki ngapi kwa anayepiga wa pili.