Fundisho: Yatima ni mtoto wa nyumbani



Katika Amri ya nne tumejifunza wajibu wa watoto kwa wazazi, na wa wazazi kwa watoto. Leo tuulize: mtoto aliyefiwa na wazazi, nani atamtimizia wajibu huo? Mtume Yakobo, katika sura ya kwanza ya barua yake, ahesabu kuwatunza yatima na wajane kuwa tendo la dini ya kweli. Basi anayejitayarisha kwa ubatizo asipite kando.

Tazameni mfano wa Mtakatifu Yoane Bosco, aitwaye Don Bosco. Alizaliwa mwaka 1815 katika Italia ya Kaskazini. Hakutimiza miaka miwili, baba yake akafa. Mama yake Margherita akamlea kwa jembe na kwa sala. Alipokuwa padri aliwaona mjini Torino vijana wengi waliokuja kutafuta kazi, wasio na wazazi wala mahali pa kulala. Mwaka 1846 mama yake akaacha shamba, akaja kukaa naye huko.

Usiku mmoja wa mwezi wa tano, mwaka 1847, mvua ikinyesha, kijana wa miaka 15 alifika mlangoni. Alikuwa yatima, nguo zimelowa, fedha zimekwisha. Zamani kidogo wengine waliopewa malazi waliondoka na mablanketi. Hata hivyo hawakumfukuza. Alikauka motoni, akala supu na mkate, akatandikiwa kitanda jikoni kwa matofali na mbao. Mama akamwambia maneno machache juu ya kazi, uaminifu na dini, wakasali. Kisha mlango wa jikoni ukafungwa kwa ufunguo. Wenye nyumba walikuwa na busara, lakini busara yao haikumwacha mtoto nje.

Baadaye nyumba ile ikajaa. Asubuhi watoto walisali na kusikiliza Misa, kisha wakaenda mjini kujifunza kazi kwa mafundi. Jioni walifundishwa kusoma, kuandika na katekismu. Don Bosco aliandika mapatano na mafundi: wamfundishe kijana kazi kweli, wampe pumziko siku za sikukuu, wamwonye kwa maneno, wasimpige. Tangu mwaka 1853 akafungua karakana nyumbani mwake: kwanza ya viatu na ya nguo, halafu ya kujalidi vitabu, ya useremala na ya kupiga chapa. Na kila usiku, baada ya sala, watoto walipewa neno fupi la wema kabla ya kulala. Desturi hiyo yadumu hata leo katika nyumba za Wasalesiani, wana wa Don Bosco, waliofika nchini kwetu mwaka 1911, huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo.

Ninyi vijijini hamna karakana wala nyumba kubwa. Lakini yupo mtoto wa marehemu ndugu yenu. Je, wenzake wakienda shuleni, yeye atumwa maji na kuni? Je, hula mwisho, tena makombo? Je, ugonjwa ukiingia nyumbani, ndiye aitwaye mchawi? Kumsingizia mtoto uchawi ni kumshuhudia uwongo asiyeweza kujitetea. Ni dhambi nzito. Tena sheria ya nchi ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yaikataza.

MAULIZO

1. Yatima ahitaji nini?
Ahitaji chakula na malazi, masomo na kazi ya mikono, sala, na mtu wa kumpenda kama mtoto wake.

2. Je, yatima asitumwe kazi?
Atumwe, lakini sawasawa na watoto wengine wa nyumbani, wala kazi isimnyime shule.

3. Yatima akikosa, tufanyeje?
Tumwonye kwa upole na kwa akili, kama mzazi amwonyavyo mwanawe.

4. Jirani akimwita yatima mchawi, mkristu afanye nini?
Asikubali neno hilo wala asilieneze. Amlinde mtoto, na kuwaita katekista na wakubwa wa kijiji wamsaidie.

AZIMIO. Usiku wa leo, kabla ya kulala, waite watoto wote wa nyumbani, na yatima pamoja nao. Salini pamoja. Kisha mwite yatima kwa jina lake, umwambie neno moja jema.